Plota Iliyogoma na Ramani ya Mzee Duku

Nakumbuka asubuhi moja ya Ijumaa, mwanangu, Arua ikiwa bado mji mdogo usioota kuitwa jiji, mimi na Wani tumepiga magoti nyuma ya mashine ya kuchorea ramani, kila mmoja ameshika ncha yake ya waya, na kila mmoja anaamini moyoni kwamba mwenzake ndiye aliyeiharibu.

Ukiniona leo nashuka ngazi upande upande kama kaa, huwezi kudhani kwamba miguu hii ilipanda vilima vyote vya Koboko. Nilikuwa mchora ramani. Wani alikuwa mpimaji, kijana wa Yei aliyevuka mpaka na familia yake wakati wa vita vya kwao, akakaa kwetu hadi akawa wa kwetu. Yeye alibeba vyombo vya kupimia, mimi nilibeba karatasi. Tuliajiriwa na mpima ardhi mmoja mwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vitenge, na katika chumba cha ndani, karibu na dirisha, ndiko ilikokaa plota.

Ninyi mnaochora kwa kidole kwenye kioo cha simu hamkuijua mashine ile. Ilikuwa pana kama kitanda cha mtoto, imesimama kwa miguu yake minne. Ilishika kalamu za wino, kalamu kweli kweli, ikaisogeza moja huku na huku juu ya karatasi kubwa, nayo karatasi ikawa inaenda mbele na kurudi nyuma, hadi mto ukatokea, njia ikatokea, mpaka wa shamba ukatokea. Na sauti yake! Kalamu ikikwaruza, kisha tk! inarudi mahali pake, inachukua nyingine. Mpaka leo mvua nyembamba ikianza juu ya bati, naisikia plota.

Ilikuwa ya zamani hata siku zile. Tuliirithi kwa mradi mmoja wa maji uliokwisha, pamoja na kompyuta yake ya umri ule ule. Wawili hao walielewana kama mke na mume waliozeeka pamoja. Kisha radi ikapiga, kompyuta ikafa, plota ikabaki mjane. Bosi akanunua kompyuta mpya Kampala, nzuri, nyembamba, lakini haikuwa na tundu pana la kupokea waya wa plota. Ilikuwa na matundu madogo tu ya siku hizi. Basi tukanunua adapta, kijiwaya cha kuunganisha kipya na cha kale, na waya mwingine wa akiba, tukasema Jumatatu tutaijaribu. Jumatatu ikawa Jumanne. Unajua mambo ya kesho. Hata Ijumaa ile ikatukuta.

Sasa nikwambie kwa nini Ijumaa ile haikuwa siku ya kuchezea.

Kule Kuluba, Koboko, palikuwa na bonde la mto lenye unyevu, udongo mweusi, unaotoa miwa na viazi hata kiangazi. Upande huu ukoo wa Mzee Duku, ng'ambo ukoo mwingine. Wazee wao waligawana bila maandishi, kwa kutembea tu. Lakini wazee walikwisha, watoto wakaongezeka, na vijana wakaanza kufyekeana miwa. Mwezi ule mmoja alikuwa amerudi kwao na jeraha la panga begani. Kila mtu aliona linalokuja. Ndipo koo mbili zikakubaliana neno moja tu: aliyebaki ambaye aliutembea mpaka ule na baba yake alikuwa Mzee Duku, na watu wa ng'ambo wenyewe walimheshimu. Ipimwe ardhi, ichorwe ramani, na Jumamosi mbele ya wote Mzee aweke kidole chake pale mpaka unapopita. Atakaposema, basi.

Ila macho ya Mzee yalikuwa yanazimika. Presha ya macho. Daktari alimwambia bila kuficha kwamba mwanga uliobaki haurudi, unakwenda tu. Tulikuwa tumemchapia ramani kwenye karatasi ndogo ya printa ya kawaida, akaigeuza, akaisogeza puani, akasema anaona kama sisimizi wamekufa juu ya kitambaa. Alihitaji karatasi kubwa na mistari minene. Alihitaji plota. Na Ijumaa ile asubuhi alikuja mwenyewe kutoka Koboko, barabara ikiwa bado ya vumbi, ameshikwa mkono na binti yake Keji, ili aione kabla ya kuulizwa mbele ya watu. Hakutaka kuweka kidole chake kwa kubahatisha.

Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, shati limejaa vumbi jekundu. Aliwahi kuwa askari zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini.

"Ramani iko tayari?" akauliza.

"Sasa hivi, Mzee," nikamjibu.

Ah, mwanangu. Sasa hivi.

Nikabonyeza. Kompyuta ikasema imetuma. Plota kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikachomoa adapta nikaichomeka tundu jingine. Wani akazima plota akaiwasha. Nikang'oa ule waya wa zamani wa plota, nikasema huu umeoza, nikaweka mpya. Wani, bila kuniambia, akafungua kifuniko cha nyuma akageuza vile viswichi vidogo kama meno ya panya. Mimi, bila kumwambia, nikafuta programu ya kuendesha plota nikaiweka upya. Wahenga walisema mvumbika changa hula mbovu, na sisi tulikuwa tunavumbika kila kitu kwa wakati mmoja. Kufikia saa nne hakuna kati yetu aliyejua tena nini kilikuwaje mwanzo.

Halafu tukaanza sisi kwa sisi.

"Dada, wewe nang'oa waya ya watu. Waya ilikuwa mzuri."

"Na wewe umegusa nini huko nyuma? Nani alikutuma kule?"

"Mashine iko kufa kwa sababu yako!"

"Yangu? Mimi ndiye niliyesema tujaribu Jumatatu!"

Keji alikuwa anatazama sakafu. Mzee Duku akagonga fimbo chini mara moja. Hakupaza sauti.

"Nyinyi watoto," akasema, "mimi hapana kuja hapa kusikia nani iko na makosa. Kule nyumbani watu mingi iko najua nani iko na makosa. Kila mutu iko najua. Mimi nakuja kuona mto yangu."

Keji akaomba maji ya kunywa kwa ajili ya baba yake, nami nikaenda kuyachota, na nikiwa njiani nikajisikia mdogo kama mtoto aliyekutwa anacheza na unga. Kumbe tulikuwa tunafanya ndani ya ofisi kile kile walichokuwa wanafanya watu bondeni. Hata panga tulikuwa hatujakosa, maana Wani alikuwa ameshika bisibisi.

Niliporudi, Wani alikuwa amekaa sakafuni, bisibisi ameiweka kando.

"Dada," akasema taratibu, "tuanze tena kama watu ya shule. Kitu moja, tunangoja, tunaangalia. Halafu kitu ingine."

"Na tuambiane," nikasema.

"Tuambiane."

Tulianza na plota peke yake. Tuliitenga na kompyuta kabisa, tukachomoa waya wote, tukaiwasha huku tumebonyeza vitufe vyake viwili, maana plota za namna ile zikifanyiwa hivyo huchora mfano wao wenyewe bila kuagizwa na mtu. Ikanguruma, ikavuta karatasi, ikachora maua na miduara kwa rangi zote. Wani akapiga makofi. Mgonjwa wetu hakuwa mgonjwa! Kalamu zilikuwa nzima, mota nzima, ubongo mzima. Tangu asubuhi tulikuwa tunamlaumu asiye na hatia.

Ndipo tukageukia kompyuta. Je, inaiona ile adapta? Tukafungua orodha ya vifaa. Iko, inaonekana, haina kasoro. Lakini tazama: kompyuta huyapa matundu ya namna ile namba, kama milango ya nyumba ya kupanga. Adapta ilikuwa imepewa mlango wa saba. Na programu yetu ya kuchora, kwa mazoea yake ya kale, ilikuwa inatuma ramani mlango wa kwanza, ambako hapakuwa na mtu. Tangu asubuhi tulikuwa tunabisha hodi kwa jirani aliyehama! Tukaipa adapta namba ndogo ambayo programu inaijua, tukaiambia programu ielekee huko. Na tukakubaliana adapta isihamishwe tundu, maana kila ukiihamisha, inaweza kupewa namba nyingine.

Nikabonyeza. Plota ikashtuka. Keji akasema, "Baba, imeamka!" Mzee akainua kichwa.

Lakini kilichochorwa kilikuwa mkwaruzo wa mwendawazimu. Mstari unaokimbia kona, kalamu inabadilishwa bila sababu, kisha inasimama. Asubuhi ningeng'oa kitu. Safari hii nilikaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa, niliikalia.

"Inasikia," Wani akasema, "lakini haielewi."

Hapo akaniambia kila kiswichi alichokigusa, bila aibu, nami nikamwambia kila nilichobadilisha kwenye programu. Pande zote mbili, mwanangu, huwekewa spidi ya kuzungumza. Kompyuta ikiongea kwa haraka na plota ikisikiliza polepole, maneno yanakuwa kelele. Nyuma ya plota palikuwa na karatasi iliyobandikwa, imefifia, inayoonyesha viswichi vikae vipi kwa spidi ipi. Tukavirudisha, tukaweka spidi ile ile kwenye kompyuta, na tukaizima plota na kuiwasha, kwa sababu ile mashine ilisoma viswichi vyake wakati wa kuamka tu. Nikabonyeza.

Mto ukaanza kutokea. Kona ya kwanza, kona ya pili. Mzee alisikia kalamu akasimama. Nikaona chozi kwenye jicho la Keji nikataka kushangilia, ndipo mto ukakatika. Kalamu ikaruka katikati ya bonde, ikaacha pengo jeupe, ikaendelea ng'ambo kana kwamba hakuna kilichopita. Bonde lenyewe, pale pale watu walipokatana, ndipo palipokuwa peupe.

"Imekwisha?" Mzee akauliza.

"Bado, Mzee. Imeruka kidogo."

"Basi iko napumzika. Na nyinyi pumzika."

Keji akafungua kikapu akatupa ndizi za kuchoma na karanga, tukala tumekaa chini, sote wanne, na Mzee akatusimulia jinsi alivyotembezwa na baba yake mpakani, akichapwa kidogo penye kila alama ili asisahau. Tulicheka sote. Na kwa kweli nadhani kule kula ndiko kulikotusaidia, maana akili iliyoshiba haina papara. Wani, kinywa kimejaa karanga, akasema polepole kwamba plota hii ina kumbukumbu ndogo. Ikijaa, lazima iseme ngoja. Na kompyuta lazima isikie ile ngoja.

Tukatazamana. Mpangilio wa kungojeana tuliukuta sawa pande zote mbili. Basi ile ngoja ilikuwa inapotelea wapi?

"Waya," nikasema. Nilisema mwenyewe, kabla hajasema yeye.

Waya mpya niliouweka, tulipoufungua kichwa, ulikuwa na nyuzi tatu tu ndani. Wa kutuma, wa kupokea, na mmoja wa kuukamilisha mzunguko. Wa kusema ngoja haukuwamo. Ule wa zamani niliouita umeoza ulikuwa nao wote. Wani hakucheka wala hakusema nilikwambia. Aliinama, akauokota chini ya meza, akaupangusa vumbi kwa shati lake, akanipa nichomeke mimi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na mkono wa aina ile ni nadra kuupata.

Plota ikachora. Ikafika bondeni, ikasimama kidogo kama mtu anayemeza mate, ikaendelea. Ikasimama, ikaendelea. Jua lilikuwa limeanza kugeuka dirishani ilipoweka kalamu yake ya mwisho mahali pake, tk.

Tukaitandika karatasi mezani. Mzee akainama hadi pua yake ikagusa wino. Akautafuta mto kwa kidole, akaupata, akaufuata taratibu, huku akitaja majina kwa Kikakwa: mti fulani, kivuko fulani, kaburi la fulani. Kisha kidole kikasimama upande wa juu.

"Hii duara ni nini?"

"Ni lile jiwe kubwa, Mzee. Lile pana."

"Na mstari iko napita wapi?"

"Nyuma yake. Jiwe liko upande wenu."

Akaligonga duara kwa kidole. "Nani alisema iko yetu?"

Nikakumbuka. Siku tuliyopima sehemu ile Mzee alikuwa kitandani na homa, na mpwa wake ndiye aliyetuongoza, akatembea kwa uhakika sana, akatuonyesha mpaka nyuma ya jiwe. Nikamwambia Mzee hivyo.

"Hapana," akasema. "Jiwe hii si yetu. Mama ya ng'ambo ndio ilikuwa naanika muhogo juu yake. Mimi mtoto nilikuwa nakuja kuiba." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Kama jiwe ilikuwa yetu, ningeiba nini? Mutu hapana kuiba muhogo ya mama yake."

Keji akamshika mkono. "Baba, binamu atakasirika. Pale ndipo pana udongo mzuri."

"Acha akasirike. Yeye iko na macho mbili mzuri, na jiwe kubwa hivi hakuona."

Mwanangu, fikiri. Kama ile plota ingebaki imegoma, kama tungempa ile karatasi ya sisimizi, mzee yule mwadilifu angeweka kidole chake juu ya uongo bila kujua, na macho yake yangezimika uongo huo ukibaki nyuma yake. Tuliusogeza mstari mbele ya jiwe, tukachora upya. Plota haikuruka hata nukta.

Jumamosi tulikwenda Kuluba na karatasi ile. Tuliitandika juu ya mkeka, mawe kwenye pembe zake. Watu wa ng'ambo walikuja wakasimama mbali, vijana wao nyuma, na sikupenda jinsi walivyosimama. Mzee Duku akapiga magoti, akaweka kidole, akafuata mpaka wote, na alipofika penye jiwe akasema kwa sauti kwamba kutoka hapa kwenda kule si kwetu, na akaeleza habari ya muhogo wa wizi. Mpwa wake akageuka akaenda zake. Watu wa ng'ambo hawakujua la kufanya, maana walikuja wamejiandaa kwa ugomvi, si kwa zawadi. Kisha bibi mmoja wa upande wao, mgongo umepinda, akasogea hadi mkekani, akamtazama Mzee usoni, akasema:

"Kumbe ilikuwa wewe! Mama yangu alinichapa mimi kwa muhogo ile!"

Sijasikia tena kicheko kama kile. Kilianza kwa wazee, kikaenda kwa wanawake, na mwisho hata yule kijana mwenye jeraha la bega alikuwa anajifuta macho. Mawe ya mpaka yaliwekwa mchana ule ule, na waliochimba mashimo walitoka pande zote mbili.

Macho ya Mzee yalizimika kabla ya mavuno yaliyofuata. Keji aliniambia hakulalamika sana. Plota nayo ilichakaa, wino wa kalamu zake ukakosekana madukani, ikabebwa na wanunuzi wa vyuma. Sikwenda kuitazama ikipakiwa. Wani alirudi Yei nchi ilipotulia, akajenga, kisha vita vikamrudisha tena kupitia Koboko na wajukuu mgongoni. Anaishi karibu nasi sasa. Siku nyingine tunakaa tu, tunakunywa chai, hatusemi mengi, na mmoja wetu akisema ngoja, mwenzake anangoja.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Kitu kikigoma mikononi mwako, iwe mashine, iwe ndoa, iwe kazi, usikivamie kwa mikono miwili. Gusa kimoja, ngoja, tazama. Anza kwa kuuliza kilicho kizima, ndipo utafute kilicho kibovu. Ulichokigusa ukiseme kabla hujaulizwa, maana siri ndogo ya fundi huwa shimo la mwenzake. Hasira ni hasara, na wa kulaumiwa hupatikana upesi kuliko dawa, kwa hiyo ukimpata wa kulaumiwa usidhani kazi imekwisha. Na mtu anapokuja kwako akiwa na mto wake wa kutazama kabla giza halijamfika, mwanangu, muonyeshe mto. Mengine yatasubiri.

Mungu akupe masikio ya kusikia mwenzako anaposema pole pole. Akupe rafiki wa kuokota waya uliouangusha bila kukusimanga. Akulinde barabarani, akuzidishie macho na miaka ya kuyatumia, na kila utakachokichora duniani kisimpunje jirani. Amina.